Kuja Uganda: maswali ambayo wageni wetu kutoka Kenya na Tanzania huuliza kila mara

Naishi Kampala, na ndugu na marafiki wa Mombasa, Nairobi, Arusha na Bukoba hunipigia simu kabla ya kufunga safari. Kabla ya kumjibu mtu lolote huwa namuuliza kwanza anakwenda upande gani. Mtu anayekwenda Kabale nitamwambia abebe sweta, na anayekwenda Gulu juma hilohilo nitamwambia aiache nyumbani. Nchi hii ina makabila zaidi ya hamsini, na jibu zuri la Mbale laweza kuwa jibu baya la Masaka. Wageni wanaofurahia Uganda ni wale wanaochagua upande mmoja na kuutulizia. Maswali yaliyo hapa chini nimeyajibu nikiwa na wazo hilo.

Nahitaji pasipoti?

Mkenya na Mnyarwanda wanaweza kuingia kwa kitambulisho cha taifa. Utaratibu huo umekuwepo tangu 2014. Mtanzania aje na pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria anayopewa na Uhamiaji. Wakenya, Wanyarwanda na Watanzania hawalipi viza.

Hata hivyo, Mkenya mwenye pasipoti namshauri aje nayo. Itamrahisishia kusajili laini ya simu, kubadilisha pesa na kuandikishwa hotelini. Ukiingia kwa kitambulisho ukapewa karatasi iliyogongwa muhuri, itunze kama unavyotunza pesa, kwa maana utaulizwa ukitoka. Tena usiondoke dirishani kabla hujasoma ni siku ngapi umegongewa. Anayesafiri na mtoto abebe cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi mmoja amebaki nyumbani, barua yake ya ridhaa.

Mwenzangu ni Mjerumani anayeishi Berlin. Yeye je?

Aombe viza kwa mtandao kabla ya kusafiri, asisubiri mpakani. Kama anapita pia Kenya na Rwanda, kuna viza moja ya utalii ya Afrika Mashariki ya dola 100 inayofaa nchi hizo tatu kwa siku 90. Tanzania haimo, kwa hiyo asije akadhani itamfikisha Zanzibar.

Kadi ya homa ya manjano wanaiangalia kweli?

Ndiyo. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, na kadi ukae nayo mkononi badala ya kuifukia chini ya begi.

Kiswahili changu kitanitosha?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake lina historia ndani yake. Kisheria Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 serikali iliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mtaani mambo ni tofauti. Kwa miaka mingi Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi, na wazee wengi wa Buganda, yaani eneo la Kampala na Masaka, walikisikia kwa mara ya kwanza kikitoka kinywani mwa askari mwenye bunduki, wakati wa Idi Amin na baada yake. Mzee wa Masaka akikujibu kwa Kiingereza, au akakaa kimya, usimwone ana kiburi. Huenda lugha yako imemkumbusha jambo zito.

Kwa hiyo ramani ya Kiswahili ni hii. Busia, Malaba na Mutukula hutapata shida. Mbale, Tororo na Jinja wafanyabiashara wengi wanakielewa. Kaskazini na West Nile, yaani Gulu, Lira, Arua, Koboko, Kiswahili kinapendwa, na Arua utakisikia sokoni kama lugha ya kila siku. Bombo, kilomita 35 hivi kaskazini mwa Kampala, Wanubi watakupokea kwa Kiswahili na Kinubi. Kampala kwenyewe kinategemea mtaa: Kikuubo, Kisenyi, kwa madereva wa malori na kwa polisi utaelewana vizuri; kwenye maduka mengine anza na Kiingereza. Mbarara, Kabale na Fort Portal ndiko utakakokihitaji Kiingereza zaidi, hasa vijijini.

Vijana wanabadilika. Wengi wanatazama filamu na kusikiliza miziki ya Tanzania, na wanafurahi kumpata mtu wa kujaribishia maneno. Waachie nafasi wakosee. Mtu wa Pwani akianza kusahihisha ngeli za mwenyeji wake wa Kampala, mazungumzo yamekufa.

Basi nianzeje mazungumzo?

Kwa salamu, na usiikimbize. Buganda hakuna mtu anayeuliza bei wala njia kabla ya kusalimia. Sema "Oli otya, ssebo" kwa mwanamume na "Oli otya, nnyabo" kwa mwanamke. Asubuhi ni "Wasuze otya", jioni "Osiibye otya". Ukimkuta mtu kazini, hata kama anafagia barabara, mwambie "Gyebaleko", ni kama sisi tunavyosema pole na kazi, na uso wake utafunguka palepale. Asante ni "Webale". Ankole na Kigezi, yaani pande za Mbarara na Kabale, salamu ni "Agandi", unajibu "Ni marungi". Waacholi husema "Apwoyo" kwa salamu na kwa shukrani pia. Teso ni "Yoga".

Ukienda Tooro, upande wa Fort Portal, au Bunyoro, utaulizwa *empaako* yako. Hilo ni jina la heshima na mapenzi analopewa kila mtoto kutoka orodha fupi ya majina kama Akiiki, Amooti, Atwooki, Abwoli na Adyeeri, na watu husalimiana kwalo. Ukisema huna, wenyeji wako watakuchagulia. Lipokee na ulitumie. Ni heshima kubwa.

Baganda wengi wa kike bado hupiga magoti wanapomsalimia mkubwa au kumwandalia mgeni chakula. Mgeni halazimiki kuiga. Kinachotakiwa ni kuitikia salamu hiyo kwa utulivu na kuacha simu mpaka iishe. Na mbele ya Baganda, jina la Kabaka, mfalme wao, lisitajwe kwa mzaha.

Nina siku saba. Nianzie wapi, niishie wapi?

Anza na mpaka utakaoingilia. Wageni wengi huja na orodha ya mbuga tano na ziwa moja, halafu wanamaliza wiki ndani ya basi. Kutoka Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400, hadi Arua karibu 500, na mbuga ya Kidepo, kaskazini-mashariki, ni mbali kuliko huko kote. Kilomita za hapa hazipimwi kwa mwendo wa barabara tambarare. Kuna foleni ya kutoka Kampala, matuta, malori, na vilima vya Kigezi ambavyo dereva mwenye akili havikimbilii.

Mtanzania anayepitia Mutukula hana haja ya kufika Kampala hata kidogo. Kutoka mpakani unapita Kyotera hadi Masaka, takriban kilomita 90. Hapo una njia mbili nzuri: ushuke Bukakata uvuke kwa feri hadi kisiwa cha Bugala katika visiwa vya Ssese, au ushike barabara ya Mbarara mpaka Kabale na Ziwa Bunyonyi. Siku saba zinatosha kwa yote mawili bila kukimbizana. Nasikitika sana ninapomwona mtu wa Bukoba akipanda hadi Kampala, akalala, kisha akarudi njia ileile kwenda Bunyonyi.

Mkenya wa Busia au Malaba ana mashariki yote mbele yake. Mbale, halafu Kapchorwa kwenye maporomoko ya Sipi, ubavuni mwa Mlima Elgon, mahali ambapo mkulima wa kahawa atakuonyesha shamba lake, atakukaangia buni na kukutengea kikombe papo hapo. Kisha ushuke Jinja uone Nile inapotoka Ziwa Victoria kuanza safari ya kwenda Misri. Kampala iwe siku ya mwisho, au uiache.

Kaskazini nikupe ushauri mmoja: usiende kwa siku mbili. Maporomoko ya Murchison, ambapo Nile nzima inajibana katika mwanya wa karibu mita 7, yanastahili kulala hapo, kupanda mashua, na kutembea kwa miguu hadi juu. Anayetaka Kidepo ajipe wiki yake peke yake.

Gorila ni dola 800 kwa kila mtu?

Si kwa kila mtu, na inaniuma kuona Waafrika Mashariki wengi wanakata tamaa kwa sababu wamesoma bei ya watalii wa mbali. Dola 800 ni ya mgeni anayetoka nje ya Afrika na asiyeishi Uganda. Mwananchi wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi: kwa bei iliyoanza Julai 2024 ni shilingi 300,000 za Uganda. Kibali hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na utaonyesha pasipoti au kitambulisho kuthibitisha uraia.

Jambo linalowaponza watu ni sehemu ya msitu. Msitu wa Bwindi, wanakoishi gorila hao, una malango manne: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kibali chako ni cha lango moja tu. Kwenye ramani yanaonekana jirani, lakini barabara huzunguka milima na kutoka lango moja hadi jingine yaweza kukula nusu siku. Maelezo ya safari huanza asubuhi mapema, na aliyechelewa haongojewi. Kwa hiyo kwanza pata kibali, usome ni lango gani, ndipo utafute pa kulala. Wengi hufanya kinyume.

Kundi halizidi wageni wanane, utakaa na gorila saa moja, na mwenye umri chini ya miaka 15 haruhusiwi. Ukiwa na mafua au kikohozi, sema. Magonjwa yetu yanawaambukiza na yanaweza kuwaua, na waliobaki duniani ni wachache mno kuhatarishwa kwa ajili ya picha. Vaa suruali ndefu na soksi za kuchomekea, glavu za bustani kwa ajili ya upupu na miiba, na mchukue mbeba mizigo wa kijijini hata kama begi lako ni jepesi. Atakushika mkono kwenye utelezi, na pesa hiyo inakwenda moja kwa moja kwa watu wanaoishi ukingoni mwa msitu.

Pesa nibadilishe wapi? Na M-Pesa?

Badilisha kwenye duka la fedha lenye leseni, mjini, upate risiti. Vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi waache. Kwa mwaka 2025 shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu 28 za Uganda, na moja ya Tanzania ilikuwa moja na nusu au pungufu kidogo. Mtanzania ndiye anayechanganyikiwa zaidi, kwa sababu tarakimu zinakaribiana: anaona sahani ya 15,000 anadhani ni bei ya kwao, kumbe ni kama 10,000 tu za kwao. Dola chakavu, za zamani au za noti ndogo hukataliwa, au hubadilishwa kwa bei ya chini.

Laini ya MTN au Airtel ya Uganda itakusaidia kuliko kadi ya benki. Mawakala wako kila kona, wakiwa kwenye vibanda vya njano na vyekundu. Mkenya anaweza kutuma kutoka M-Pesa yake kwenda namba ya MTN ya Uganda. Vijijini na kwenye mbuga beba noti ndogo. Noti ya 50,000 asubuhi ni usumbufu kwa muuza ndizi.

Usafiri wa mjini ukoje?

Taksi hapa ni gari la abiria 14, yaani matatu ya Mkenya na daladala ya Mtanzania. Ukisema unataka taksi ukitarajia gari la peke yako, utajikuta katikati ya kituo kikubwa cha katikati ya jiji umezungukwa na makondakta. Gari la kukodi peke yako linaitwa *special hire*. Nauli ya taksi huulizwa kabla ya kupanda, maana mvua ikinyesha hupanda ghafla, na ya sikukuu haina huruma.

Boda ndiyo inayoushinda msongamano wa Kampala, na ndiyo inayojaza wodi za mifupa. Tumia ya programu kama SafeBoda, inayokuja na kofia ngumu ya abiria, au ya siteegi, yaani kijiwe cha boda, ambayo hoteli yako inawajua vijana wake. Patana bei kwanza. Mwambie aende polepole kabla hajaondoka, si baadaye. Usipande boda usiku na mizigo, na msipande watatu hata dereva akikuhakikishia.

Mabasi ya mbali huondokea Kisenyi, Namayiba na vituo vingine vya jirani. Panda la alfajiri. Basi la usiku ni la bei rahisi na watu wanalitumia, lakini barabara zetu za giza, zenye malori yaliyoharibika bila taa, sizipendi kwa mtu ninayemjali.

Nataka kuja na gari langu.

Tunaendesha kushoto kama kwenu. Uwe na kadi ya umiliki, bima ya kadi ya njano ya COMESA (hata Tanzania imo kwenye mpango huo) na kibali cha muda cha kuingiza gari, kinachotolewa mpakani. Gari likiwa la mtu mwingine, au la benki, njoo na barua ya idhini. Barabara ya haraka ya Entebbe hadi Kampala inalipiwa tangu 2022.

Ukitoka Jinja simama Namawojjolo, kando ya msitu wa Mabira, ule kuku wa kuchoma na ndizi za gonja. Barabara ya Masaka kuna Kayabwe, penye mstari wa ikweta, na Mpambire kwa watengeneza ngoma.

Nitakula nini? Halali inapatikana?

Utakula vizuri. Matooke hupondwa na kufukizwa ndani ya majani ya migomba, na huliwa na mchuzi wa karanga, maharage au nyama. Luwombo ni kitoweo kilichopikwa ndani ya jani lenyewe. Agiza mapema, chakula hicho hakiharakishwi. Ankole uombe eshabwe, mchuzi mweupe wa samli. Bugisu, upande wa Mbale, kuna malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa. Kwa Waacholi kuna malakwang, mboga yenye uchachu inayopikwa na karanga, na kwa maoni yangu ndiyo mboga bora Uganda nzima. Ugali unaitwa posho, na kalo ni wa ulezi. Mtaani rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, itakushibisha kwa pesa ndogo. Kikomando ni chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage. Nsenene hupatikana zaidi Novemba, na wale wanaoniambia hawawezi kula panzi huishia kuomba pakiti ya pili.

Waislamu ni zaidi ya asilimia 13 ya wananchi na nyama ya halali haina shida mijini. Kisenyi na Old Kampala kuna mikahawa ya Wasomali. Nyama ya nguruwe ni maarufu sana pia, na mara nyingi huchomwa jirani na nyingine, kwa hiyo uliza kabla ya kukaa. Msikiti wa Taifa uko juu ya kilima cha Old Kampala, na mnara wake unapandwa. Kutoka juu utaona jiji lote na vilima vyake.

Tunakuja kuhiji Namugongo tarehe 3 Juni. Tujiandaeje?

Karibuni sana. Siku hiyo tunawakumbuka mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu 22 Wakatoliki mwaka 1964, na Waanglikana wana mashahidi wao hapohapo jirani, kwenye uwanja wao wa ibada. Mahujaji wa Kenya na Tanzania huanza kutembea kwa miguu majuma kadhaa kabla.

Pa kulala patafutwe miezi kadhaa mapema, hasa Kyaliwajjala na Kireka. Magari huzuiwa karibu na eneo la ibada, kwa hiyo wazee waandaliwe kwa kutembea. Kikundi kiwe na sare au kitambaa cha rangi moja, na mkubaliane mahali pa kukutana, kwani mtandao wa simu huelemewa na umati. Ukaguzi wa usalama ni mkali. Beba mkoba mdogo. Simu iwe mfuko wa mbele.

Nije mwezi gani na nivae nini?

Kusini mvua kubwa ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Kwa safari ya msitu, Juni hadi Agosti na Januari ni bora. Kaskazini Desemba hadi Februari ni kukavu na joto kali. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, jioni koti jepesi linatosha. Kabale ni karibu mita 2,000, mtu wa Dar atatetemeka.

Nguo za mabaka ya kijeshi usizibebe kabisa. Ni kosa kwa raia, na mgeni hasamehewi.

Malaria na maji?

Malaria iko, hata milimani. Mtu wa Nairobi aliyezoea baridi hana kinga. Amwone daktari apate dawa za kujikinga, na alale ndani ya chandarua. Maji yachemshwe au yawe ya chupa. Kuogelea kwenye fukwe za Ziwa Victoria na Ziwa Albert kuna hatari ya kichocho. Anayetaka kuogelea aende Bunyonyi. Homa ikikupata hata wiki mbili baada ya kurudi kwenu, mwambie daktari ulikuwa Uganda.

Usalama?

Watu ni wapole, na utasaidiwa njia mpaka mlangoni. Wizi wa Kampala ni wa simu: foleni ikisimama, mkono unaingia dirishani. Funga kioo, na usipige simu ukiwa juu ya boda. Karibu na mpaka wa Kongo na katika Karamoja, uliza hali ya siku hizo kabla ya kuondoka. Usipige picha askari, vituo vya polisi, bwawa la umeme la Jinja, wala kusimama kwenye daraja lake jipya. Namba za dharura ni 999 na 112.

Wakati wa uchaguzi mambo hubadilika na intaneti yaweza kuzimwa. Facebook ilifungwa Januari 2021, kwa hiyo ukubaliane na familia mtumie njia nyingine.

Shisha?

Imepigwa marufuku na sheria ya tumbaku ya 2015.

Nirudi na nini nyumbani?

Kahawa ya Bugisu iliyokaangwa, kitambaa cha lubugo kinachotengenezwa kwa gome la mutuba, vikapu vya Kigezi, na ngoma kama gari lina nafasi. Kabla ya mpaka angalia umefungia vitu vyako kwenye nini. Hapa mifuko ya plastiki bado utapewa dukani, lakini Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania 2019, na maofisa wa upande wa pili huifungua mizigo. Hamishia kila kitu kwenye kikapu, na shilingi zilizobaki uzibadilishe Masaka, Mbale au Kampala, maana ukishavuka bei yake huanguka.